Chokaa Nzito Si Chokaa Nyingi



Wachomaji wawili wa chokaa wanapakia kila mmoja kilo 100 za mawe ya matumbawe, yaliyokauka vizuri juani, kwenye tanuu lake. Moto unawaka, unazimika, mawe yanapoa, majivu yanapepetwa. Wa kwanza anaweka mzigo wake kwenye mizani, anakuta kilo 67. Wa pili anakuta kilo 57. Tuchukulie kwanza kwamba mawe ya wote wawili yalikuwa safi. Nani kati yao ana chokaa nyingi zaidi?

Anayenunua kwa kilo atamkimbilia wa kwanza. Kemia inasema wa pili ndiye aliyevuna. Ana karibu kilo 55 za chokaa, na mwenzake ana kilo 42 tu. Kilo 25 nyingine kwenye mzigo wa huyo wa kwanza ni mawe yaleyale aliyoyaingiza; yametoka motoni kama yalivyoingia. Kwenye kazi hii uzito unaozidi ni dalili ya hasara, na hilo ndilo nililokuja kulisema jioni ya leo. Nitaonyesha namba hizo zinatoka wapi, kisha nitaonyesha mahali ambapo mizani peke yake inaweza kukudanganya.

Jiwe la matumbawe likiwa safi ni kalisi kabonati. Ndani yake, kwa kila atomu moja ya kalisi kuna moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Likipata moto wa kama nyuzi 900 za Selsiasi linavunjika: hewa ukaa inatoka, chokaa inabaki. Wanakemia huandika hivi:

CaCO3 → CaO + CO2

Mlinganyo huu unahesabu chembe, na mchomaji anahesabu kilo. Tunavukaje kutoka chembe kwenda kilo? Duka la vifaa vya ujenzi halikuhesabii misumari mmoja mmoja; linakupimia kilo, na anayejua uzito wa msumari mmoja anajua amepewa misumari mingapi. Moli ni njia hiyohiyo ya kuhesabu kwa kupima. Atomu ya kalisi ina uzito wa 40, ya kaboni 12, ya oksijeni 16. Jumlisha: 40 na 12 na mara tatu ya 16, unapata 100. Chokaa ni 40 na 16, yaani 56. Hewa ukaa ni 12 na mara mbili ya 16, yaani 44. Basi kila gramu 100 za jiwe, kila kilo 100, kila tani 100, zinaahidi chokaa 56 na hewa 44. Ahadi hiyo ina kikomo: haipo njia ya kupata chokaa 57 kutoka jiwe 100. Moto uwe mkali namna gani, fundi awe hodari namna gani, kalisi iliyomo ni hiyo iliyomo.

Sasa rudini kwa mchomaji wa kwanza. Aliingiza 100, akatoa 67, kwa hiyo kilo 33 zimepaa. Jiwe lote lingevunjika zingepaa 44. Gawanya 33 kwa 44, unapata robo tatu. Robo tatu ya jiwe lake ndiyo iliyoungua: kilo 75 zilizotoa chokaa kilo 42, na kilo 25 zilizobaki mawe. Kwa wa pili zimepaa kilo 43 kati ya 44. Huyo amekaribia kabisa kikomo.

Hesabu hii tunayoifanya kwa dakika mbili iliwahi kubishaniwa sana Ulaya. Wataalamu wengi wa huko waliamini kwamba ukali wa chokaa iliyotoka motoni, ule unaochoma ngozi na macho, unatokana na kitu cha moto kilichoingia ndani ya jiwe. Joseph Black, daktari wa Uskoti, aliukata ubishi huo kwa mizani. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1756, chaki yenye uzito wa greni 120, kipimo cha wauza dawa wa wakati ule, ilitoa chokaa ya greni 68. Jiwe lilikuwa limepungua, halikuongezewa kitu. Kisha akaitia chokaa hiyo kwenye maji yenye chumvi ya majivu, ambayo ndani yake mlikuwa na hewa ileile, akaiosha, akaikausha, akapata greni 118 za unga ulio kama chaki aliyoanza nayo. Pigeni hesabu: 68 kwa 120 ni sawa na 56.7 kwa 100. Hakuwa na uzito wa atomu wala mlinganyo wa aina hii, na bado mizani yake ilimfikisha karibu kabisa na 56 yetu. Neno stoikiometria, yaani hesabu hii ya viasi katika mabadiliko ya kemia, lilikuja baadaye, mwaka 1792, kutoka kwa Mjerumani Jeremias Benjamin Richter. Ninamtaja Black kwanza kwa sababu naona yeye ndiye mwalimu bora wa somo hili: alijali kilichopotea kwenye mizani kuliko kilichobaki.

Hapa ndipo pagumu, na naomba tukae kidogo.

Nilisema tuchukulie mawe ni safi. Mawe ya pwani yetu hayako hivyo siku zote. Mengine yana mchanga ndani ya matundu yake, mengine yana udongo mwekundu uliopenya kwenye nyufa. Tumlete basi mchomaji wa tatu, aliyepakia kilo 100 za mawe ambayo robo yake ni mchanga. Amechoma vizuri sana, hakuna kilichobaki kibichi. Kilo 75 za kalisi kabonati zimempa chokaa kilo 42, na kilo 25 za mchanga zimebaki mchanga. Jumla: kilo 67.

Mnaona? Mzigo wa kilo 67, hewa iliyopaa kilo 33, chokaa ya kweli kilo 42. Namba zote ni sawasawa na za mchomaji wa kwanza. Lakini ugonjwa si mmoja. Wa kwanza ana kosa la moto: kuni chache, au mawe makubwa mno, au upepo ulioegemea upande mmoja. Wa tatu ana kosa la jiwe, na hata akiongeza kuni mara mbili hatapata hata kilo moja zaidi ya chokaa. Atateketeza miti bure. Mizani inawaambia wote wawili kwamba pana upungufu. Haiwezi kuwaambia ni upungufu gani.

Kinachoweza ni asidi, na asidi iliyo karibu nasi ni siki ya dukani. Kalisi kabonati ikikutana na siki inatoa povu, kwa sababu ile hewa ukaa iliyofungwa ndani yake inafunguliwa. Mchanga hautoi povu. Unatulia chini ya gilasi. Basi mzigo wa mchomaji wa kwanza utachemka na wa mchomaji wa tatu utaacha mchanga. Jambo linaonekana jepesi, na shuleni hufanywa hivi: chokaa kidogo inachanganywa na maji hadi iwe uji, inaachwa ipoe, inadondoshewa siki, watu wanaangalia. Povu halionekani. Mwalimu anatangaza kwamba chokaa imeungua yote.

Tangazo hilo halina msingi, na stoikiometria inaonyesha kwa nini. Chukueni gramu 10 za mzigo wa yule wa kwanza, zilizosagwa na kuchanganywa vizuri. Ndani yake mna chokaa gramu 6.3 na jiwe bichi gramu 3.7. Chokaa nayo inaila asidi, tena kwa pupa kuliko jiwe, na inaila bila kutoa povu lolote. Kila moli moja ya chokaa inamaliza moli mbili za asidi ya siki. Siki nyingi za jikoni zina asidi gramu 5 hivi kwa kila gramu 100. Ukifuatisha hesabu, zile gramu 6.3 za chokaa zitameza karibu mililita 270 za siki kabla jiwe halijapata kitu. Matone kumi, ishirini, kijiko kizima: yote yanamezwa kimya. Povu linaanza baada ya robo lita na ushei, na linaisha ukifika mililita 360 hivi. Mwenye kikombe kimoja kidogo cha siki hajapima kitu.

Anayetaka namba, badala ya kuangalia povu tu, aweke chombo chenye uji wa chokaa na chupa ya siki pamoja juu ya mizani ya maabara, asome uzito, amimine siki kidogo kidogo huku akikoroga, arudishe chupa mizanini, asubiri povu liishe kabisa, kisha asome tena. Kilichopungua ni hewa ukaa iliyoondoka. Kwa sampuli yetu ni gramu 1.6, na kila gramu 44 za hewa zinaashiria gramu 100 za jiwe bichi. Akoroge kwa subira, maana sehemu ya hewa hiyo hupenda kubaki ndani ya maji, na akiharakisha atapata namba ndogo kuliko ukweli. Mtu atauliza kama maji ya betri, ambayo ni makali zaidi, hayafai. Hayafai. Asidi hiyo ikigusa kalisi inatengeneza jasi, na jasi inalivika jiwe ganda linalozuia asidi isiingie ndani. Povu litakatika mapema, na mpimaji atadhani kazi imekwisha.

Kwa mafundi wasio na maabara ipo njia nyingine. Chukua bonge kubwa kutoka katikati ya tanuu, lipasue kwa nyundo. Bonge lililoiva ni jepesi mkononi, jeupe hadi kiini, na linapasuka bila ubishi. Bonge bichi lina moyo: katikati kuna jiwe la rangi nyingine, zito, gumu, na nyundo inadunda. Likiloweshwa, ganda la nje linafumuka kuwa unga na moyo unabaki mzima. Okota mioyo hiyo kutoka kwenye debe moja la mabonge, uipime, nawe utakuwa na makadirio yako ya upungufu wa moto. Wazee waliojenga Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani katika karne ya 14 walikuwa na macho na mikono, na kuta walizotuachia zinaonyesha kwamba waliijua chokaa iliyoiva.

Tukubali pia jambo ambalo mlinganyo hauwezi kulisema kamwe. Chokaa iliyopata moto mkali mno kwa muda mrefu mno hukaza, matundu yake hufunga, na ikitiwa maji hujivuta kufumuka. Uzito wake ni uleule 56, na siki haitoi povu. Hesabu zote zinaipitisha, na bado fundi ataikataa. Stoikiometria inatoa kiasi. Ubora inauachia mkono na muda.

Sasa maji. Chokaa ikitoka motoni inazimwa:

CaO + H2O → Ca(OH)2

Kilo 56 za chokaa zinataka kilo 18 za maji, zinakuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Kijana aliyesoma mlinganyo akaishia hapo atachukua chokaa kilo 28, atapima lita 9 za maji, kwa sababu ndiyo nusu ya 18, na atamwaga akiwa na uhakika. Kisha mvuke utampanda usoni. Kuzima kilo 56 za chokaa kunatoa joto la karibu megajuli 65, ambalo lingetosha kugeuza mvuke kama lita 25 za maji, zaidi ya zile 18 zinazohitajika. Sehemu ya maji yake itapaa kabla haijaigusa chokaa. Tuseme zimepaa lita 4 na zikabaki 5. Lita 5 zinazima kilo 15.6 za chokaa, kilo 12.4 zinabaki kavu. Maji yakiwa ndiyo yaliyopungua, maji ndiyo yanayoamua kiasi cha zao, hata chokaa ingejaa ghala zima. Ndiyo maana fundi mzoefu anatia maji karibu mara mbili ya hesabu, au anaizamisha kabisa kwenye shimo na kuiacha wiki nyingi. Wala hapingani na mlinganyo akifanya hivyo. Anafidia kile ambacho mlinganyo haukukiweka kwenye karatasi.

Zile kilo 12.4 haziishi hapo. Zikiingia kwenye lipu zikiwa kavu, zitakunywa unyevu wa ukuta polepole, na chokaa ikizimwa ujazo wake wenyewe unakuwa karibu mara mbili. Chembe ndogo iliyojificha chini ya lipu inavimba, inasukuma, na kigamba cha duara kinadondoka, mara nyingine miezi kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Mwenye nyumba husingizia chumvi ya bahari. Chumvi inaharibu kuta kweli, lakini kidonda chenye chembe nyeupe katikati kinatokana na chokaa ambayo haikuzimika yote siku ya kuzima.

Na ile hewa kilo 44 iliyopaa tanuuni, iko wapi? Kwanza mjue ukubwa wake. Ikipoa hadi joto la kawaida inachukua mita za ujazo 24 na nusu, yaani inajaza chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari la mita 2.7, kutoka kilo 100 tu za mawe. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na ikipoa inatulia mabondeni na mashimoni. Tanuu lililochimbwa chini ya ardhi lisiingiwe na mtu kabla halijapepea. Hili nalisema kwa msisitizo wote, hasa kwa vijana wanaotumwa kuokota mabonge ya mwisho.

Ukuta unairudisha hewa hiyo. Chokaa iliyozimwa, kilo 74, inavuta hewa ukaa kilo 44 kutoka angani na kuwa tena jiwe la kilo 100, huku ikitoa maji kilo 18. Jiwe limerudi kuwa jiwe, namba zimefunga mduara. Lakini kwa kasi gani? Hewa tunayovuta sasa ina hewa ukaa kama sehemu 420 katika kila milioni. Kwenye mita moja ya ujazo hiyo ni robo tatu ya gramu tu. Ili kupata kilo 44, ukuta unahitaji kukutana na zaidi ya mita za ujazo 55,000 za hewa na kuinyonya hewa ukaa yake yote. Mnaona kwa nini kuta nene za mji mkongwe zinaendelea kukomaa ndani kwa miaka mingi, na kwa nini anayezipaka rangi ya mafuta isiyopitisha hewa, au kuzifunika kwa saruji, anauzuia ukuta usimalize kazi yake.

Saruji nayo inaanza na jiwe hilohilo. Theluthi mbili hivi za klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, ni kalisi oksidi iliyotoka kwenye chokaa-mawe, kwa hiyo kila tani moja ya klinka imekwisha kutoa karibu nusu tani ya hewa ukaa kutoka kwenye jiwe peke yake, kabla hujahesabu makaa au gesi ya kuwashia tanuri. Kiwanda kinaweza kubadilisha nishati yake. Ile 44 ya jiwe haibadiliki kwa kubadilisha nishati.

Nimeacha kuni mwisho kwa sababu ndiko upungufu mkubwa kuliko wote uliko. Kuvunja kilo 100 za kalisi kabonati kunahitaji joto la megajuli 178. Kilo moja ya kuni kavu inatoa kama megajuli 15. Kwa hesabu hiyo kilo 12 za kuni zingetosha kuvunja jiwe lote, na kilo nyingine 6 au 7 kulipasha moto hadi nyuzi 900. Tuseme kilo 19. Biwi la wazi, lile la magogo yaliyopangwa duara na mawe kumwagwa juu yake, linakula mara nyingi zaidi ya hapo, kwa kuwa moto wake unapasha anga kuliko unavyopasha mawe. Na penye biwi la magogo ya mikoko, tofauti hiyo inalipwa na mikoko, ambayo ndiyo inayowapa samaki wachanga pa kukulia na kuzuia ufukwe usiliwe na mawimbi. Tanuu lenye kuta, lenye mdomo mdogo na mawe yaliyopasuliwa kufikia ukubwa wa ngumi, linaweza kuipunguza. Kwa kiasi gani? Hilo siwezi kulijibu kwa karatasi, kwa sababu uzito wa kuni mara nyingi hauandikwi popote.

Vijana, mizani ya gunia ipo sokoni, na mchomaji mwema hatawakatalia mkiomba kwa adabu. Kwenye biwi lijalo pimeni mawe makavu, pimeni kuni, pimeni mzigo unaotoka, na mletee maabara gramu 10 zilizosagwa pamoja na siki ya kutosha, si chini ya nusu lita. Kwa namba hizo nne tutajua jiwe lilikuwa safi kiasi gani, sehemu gani ilibaki mbichi, na katika kila kilo 100 za kuni, ni kilo ngapi zilizofanya kazi ya kuvunja jiwe.